Kontua na Mbuga: Jinsi Nchi ya Singida Ilivyopimwa na Kuchorwa

Msafiri atokaye Igunga kwenda Singida kwa njia ya barabara hupita kwanza katika nchi tambarare mno, yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa masika hugeuka tope na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuweza kumeza mguu wa ndama. Hiyo ni sehemu ya mbuga ya Wembere. Akishaipita Shelui, ardhi husimama ghafula mbele yake kama ukuta, na gari huanza kulalamika. Watu hupaita mahali hapo Mlima Sekenke. Kwa hakika si mlima, kwa kuwa mlima una kupanda na kushuka, ilhali hapa mtu akishafika juu hashuki tena. Hukuta nchi nyingine iliyoinuka, yenye upepo na mawe makubwa ya itale yaliyobebana.

Katika makala haya tutaeleza jinsi nchi hiyo ilivyopimwa na kutiwa katika ramani tangu karne ya 19, na jinsi msomaji awezavyo kuisoma ramani hiyo kwa manufaa yake. Tutaonyesha pia jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa na wale waziaminio ramani kupita kiasi. Ramani ya sura ya nchi husema mengi juu ya mteremko wa Sekenke, ambako hapana anayelisha ng'ombe, na husema machache mno juu ya mbuga iliyo chini yake, ambako maisha ya maelfu ya ng'ombe na wenyewe hutegemea tofauti ya kimo isiyozidi urefu wa fimbo ya mchungaji.

Nchi kati ya ngazi mbili

Mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa, ambao huko Kenya una kuta mbili zilizo wazi, ukiingia kaskazini mwa Tanzania hutawanyika kama vidole vya mkono. Mpasuko mmoja hauonekani tena kuwa mmoja. Huwa ni mipasuko kadhaa, kila mmoja ukiacha ngazi yake katika ardhi. Mkoa wa Singida umekaa katikati ya ngazi hizo. Upande wa kaskazini-magharibi upo mteremko wa Iramba, ambao Sekenke ni sehemu yake, unaoitazama Wembere na Ziwa Kitangiri. Upande wa kusini-mashariki upo mteremko wa Kilimatinde, unaoitazama nchi ya chini ya Bahi. Abiria wa Reli ya Kati huutambua mteremko huu wa pili pale treni inapoacha Saranda na kuanza kujikunja ikipanda kuelekea Manyoni. Bahi ipo kiasi cha mita 830 juu ya usawa wa bahari, na Manyoni hukaribia mita 1,250. Mji wa Singida upo juu zaidi, kiasi cha mita 1,500.

Umbo hili lina matokeo makubwa kwa maji. Mvua inyeshayo Singida ni ya msimu mmoja tu, nayo haina njia moja ya kwenda. Sehemu hutelemkia Wembere, hupita Ziwa Kitangiri, hushika Mto Sibiti na kuishia Ziwa Eyasi, ambalo halina mlango wa kutokea. Maji hukauka kwa jua na kuacha chumvi. Sehemu nyingine huishia Bahi, ambako nako hakuna njia ya kwenda baharini. Ni upande wa kusini tu, katika Mto Kisigo, ambako maji ya mkoa huu hupata njia ya kuufikia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji na Bahari ya Hindi. Ndiyo maana ofisi ya bonde la maji inayosimamia sehemu kubwa ya nchi hiyo, iliyowekwa Singida mjini, huitwa ya Bonde la Kati. Jina hilo ni la haki kabisa. Lakini ilichukua miaka mingi, na makosa si haba, kabla ya wachora ramani kulijua jambo hilo ambalo wachungaji walilijua kwa miguu yao.

Mto uliopelekwa Nile kwa kalamu

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, akafika ufukweni mwa Ziwa Victoria mwishoni mwa Februari 1875. Mnamo Januari alikuwa katika nchi ya Ituru, yaani nchi ya Wanyaturu. Safari yake hapo ilikuwa ya mikosi: mmoja wa vijana aliokuja nao kutoka Uingereza, Edward Pocock, alifariki kwa homa, na mahali paitwapo Vinyata msafara ulipigana na wenyeji kwa siku kadhaa, damu ikamwagika pande zote mbili. Hata hivyo Stanley aliendelea kuandika vipimo vyake. Aliona vijito vinavyoelekea kaskazini, akauliza majina, akaambiwa jina hili hapa na jina lile mbele. Akaviunganisha vyote kwa kalamu na kuvifanya mto mmoja mrefu, ambao alidhani mwishowe ni Mto Simiyu uingiao Ziwa Victoria. Kwa hesabu hiyo vijito vya Ituru vikawa chanzo cha Nile kilicho mbali kuliko vyote upande wa kusini.

Kosa hilo lilitoka wapi? Tusimcheke upesi, maana lina mafunzo mawili ya kisayansi.

Funzo la kwanza ni juu ya vimo. Siku zile msafiri alipima kimo cha mahali kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchemsha maji. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na kila tupandapo kiasi cha mita 300 nyuzi hizo hupungua moja hivi. Mjini Singida maji huchemka karibu na nyuzi 95. Basi, mtu akikosea kusoma kipimajoto chake kwa sehemu ya kumi tu ya nyuzi moja, amekosea mita 30 za kimo. Njia ya pili ni barometa, yaani chombo kipimacho kanieneo ya hewa. Chombo hiki ni chepesi kubeba, lakini katika nchi za joto kanieneo ya hewa hupanda na kushuka kila siku hata kama mtu hakusogea mahali alipo. Asubuhi huwa juu na alasiri huwa chini, na tofauti hiyo yaweza kumdanganya msafiri kwa mita 20 hadi 30. Yaani mtu aliyeketi chini ya mbuyu mmoja tangu asubuhi hadi alasiri, barometa yake itamwambia kuwa amepanda kilima.

Sasa tazama vimo vyenyewe kama tuvijuavyo leo. Ziwa Victoria lipo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Eyasi lipo kiasi cha mita 1,030. Tofauti yao ni mita mia moja na ushei, katika umbali wa zaidi ya kilomita 100. Maji yanayoishia Eyasi hayawezi kupanda kwenda Victoria. Lakini mtu ambaye vipimo vyake vyaweza kukosea mita 30 huku na mita 30 kule, naye yumo katika nchi ambayo jicho haliwezi kuona inainamia wapi, hakuwa na namna ya kulijua hilo kwa hakika.

Funzo la pili ni juu ya majina. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mto hauna jina moja tangu chanzo hadi mwisho. Kila kabila, na pengine kila kijiji, hukiita kipande chake kwa jina lake, kwa kuwa ndicho kipande wanachokinyweshea mifugo. Mgeni akiyasikia majina matano hujiuliza kama ni mito mitano au mmoja, na jibu analolichagua ndilo linalochapishwa.

Jibu sahihi lilianza kupatikana mwaka 1892, pale Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuwa akisafiri kwa niaba ya chama cha Kijerumani, alipofika kwenye maziwa ya Manyara na Eyasi na kuyatia katika ramani ya Ulaya. Kwa kuwa Eyasi lilikuwapo, na maji yake yalikuwa ya chumvi, ilidhihirika kwamba iko nchi pana ambayo maji yake hayaendi Nile wala baharini. Baumann mwenyewe alikitafuta chanzo cha Nile upande mwingine kabisa, katika maji ya Kagera.

Dira, saa na hatua

Baada ya hapo Wajerumani waliifanya kazi hiyo kwa bidii na utaratibu. Kila afisa, daktari au mwenye msafara alitakiwa aandike njia yake: dira mkononi kwa kujua upande, saa kwa kujua muda, na hatua za wapagazi kwa kukisia umbali. Kila baada ya dakika chache aliandika: tumepinda kidogo kulia, kijito kikavu, miti ya miiba, kisima, nyumba tatu. Madaftari hayo yalipelekwa Berlin, ambako wachora ramani Paul Sprigade na Max Moisel, pamoja na wasaidizi wao, waliyapatanisha. Hapo ndipo ilipotoka ile ramani mashuhuri ya Afrika Mashariki ya Kijerumani yenye skeli ya 1:300,000, iliyochapishwa na nyumba ya Dietrich Reimer.

Katika skeli hiyo milimita moja ya karatasi ni mita 300 za ardhi. Mtu akiitazama leo atastaajabu kwa uzuri wake, na atastaajabu zaidi kwa uaminifu wake: pale ambapo hapana msafara uliopita, karatasi imeachwa nyeupe. Njia zimepita katikati ya weupe huo kama nyuzi za buibui, na kando ya kila uzi yameandikwa maneno madogo juu ya maji, miti na udongo. Milima imetiwa kivuli kwa kukisia umbo lake. Haikupimwa kimo kwa kimo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza lilizichapa upya karatasi hizo na kuzitumia kupigana na wale wale waliozichora.

Mtaalamu aliyeitazama nchi hii kwa jicho la sayansi kuliko wengine wa wakati huo ni Erich Obst. Alitumwa na Chama cha Jiografia cha Hamburg, akatembea kati ya 1910 na 1912 katika Turu, Iramba, Isanzu na Usandawe. Jina alilolipa eneo hilo katika kitabu chake ni nchi ya mabamba ya miamba isiyo na mtiririko wa kutoka. Kwa maneno mengine, jambo ambalo Stanley alilikosea likawa ndilo jina lenyewe la nchi.

Katika miaka hiyo hiyo wahandisi wa Kijerumani walipeleleza kama yawezekana kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika Wembere kwa mfereji, yatiririke yenyewe bila pampu, ili pamba ilimwe huko. Msomaji ataona kwamba wazo hilo lisingeweza hata kuzaliwa bila kujua kwamba Wembere, karibu na Kitangiri, ipo chini kuliko Ziwa Victoria. Mita zile mia moja, zilizompotosha msafiri wa 1875, sasa zilikuwa mali. Vita vya 1914 vilikatiza mipango hiyo, na mfereji haukuchimbwa.

Picha kutoka angani

Ramani itumiwayo hadi leo maofisini, ya skeli ya 1:50,000, ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara maalumu ya kupima makoloni yake, chini ya Martin Hotine. Mtu huyu aliijua Tanganyika vizuri, kwani kati ya 1931 na 1933 ndiye aliyeongoza upimaji wa magharibi mwa nchi katika ule mnyororo mkubwa wa pembetatu ulioifuata longitudo ya 30, kutoka kusini mwa Afrika kuelekea Misri.

Yafaa tueleze kidogo upimaji wa pembetatu. Ukiujua urefu wa upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, waweza kuhesabu pande nyingine mbili bila kuzitembelea. Kwa hiyo mpimaji hupanda kilele, husimamisha theodolaiti, huitazama bikoni iliyoko kilele kingine kilomita 30 au 40 mbali, husoma pembe, na kuendelea hivyo pembetatu kwa pembetatu. Singida yenye vilele vya itale vilivyo wazi ni zawadi ya Mungu kwa kazi hii. Vichaka vya Itigi, upande wa kusini, ni adhabu: nchi sawa, miti mifupi iliyosongamana kiasi kwamba mtu hamwoni mwenzake aliye hatua kumi mbele, wala hapana pa kupanda. Huko mpimaji hulazimika kukata njia kwa panga ili aone mbele.

Pembetatu zilipokuwa zimeshika nchi kama misumari, ndege zilikuja kuijaza. Picha zilipigwa kwa mistari sambamba, kila picha ikirudia kiasi cha asilimia 60 ya ile iliyotangulia. Marudio hayo hayakuwa ya bure. Kila mahali palionekana kutoka sehemu mbili za angani, kama vile macho yetu mawili yanavyokitazama kitu kimoja kutoka pande mbili tofauti. Mchoraji aliziweka picha mbili chini ya chombo maalumu, moja kwa kila jicho, na nchi iliinuka mbele yake: vilima vikasimama, makorongo yakazama. Kisha aliongoza alama ndogo ya nuru iguse ardhi kwa kimo kile kile, akaizungusha vilima bila kuinua wala kushusha, na kalamu ikachora nyuma yake. Mstari huo ndio kontua. Kazi hii ilifanywa Tolworth, nje kidogo ya London, na watu ambao wengi wao hawakupata kuiona Sekenke maishani mwao. Nao waliichora vizuri kabisa.

Kila karatasi ya skeli hiyo huchukua dakika 15 za latitudo na dakika 15 za longitudo, yaani karibu kilomita 27.7 kila upande. Mkoa wa Singida, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 49,000, huhitaji karatasi zisizopungua 64, na kwa kuwa mipaka yake haikukatwa kwa rula, huhitaji zaidi.

Kontua husema nini, na hunyamaza wapi

Chukua karatasi moja na uisome. Kwanza tazama pambizoni, kwa sababu karatasi za zamani zina vimo vya futi na baadhi za baadaye zina vimo vya mita, na aliyeshindwa kulitazama hilo atapata hesabu ya ajabu. Tuseme yako ina kontua za kila mita 20.

Uende kwenye mteremko wa Iramba. Kontua hapo zimebanana kama vitabu katika kabati. Tuchukue mfano kwamba umehesabu nafasi 10 katika sentimita moja. Sentimita moja katika skeli ya 1:50,000 ni mita 500. Nafasi 10 za mita 20 ni mita 200. Basi ardhi hupanda mita 200 kwa mwendo wa mita 500, yaani mita 1 kwa kila mita 2 na nusu. Mhandisi wa barabara anapoliona hilo hujua mara moja kuwa hawezi kupanda moja kwa moja.

Sasa shuka mbugani. Hapa kontua zimeachana mno. Tuseme mbili zinazofuatana zipo sentimita 30 mbali. Hizo ni kilomita 15 za ardhi kwa kimo cha mita 20, sawa na mita 1 kwa kila mita 750. Tafakari maana yake: maji ya mbuga yakipanda mita moja tu, ukingo wake husogea mita 750 katika nchi kavu. Yakishuka nusu mita, mita 375 za majani mabichi hujitokeza. Mchungaji anayefuata ukingo huo tangu Juni hadi Oktoba, akihamisha zizi mahali hadi mahali kadiri maji yanavyorudi nyuma, anaishi ndani ya nusu mita. Kati ya kontua moja na nyingine zipo nusu mita 40, na ramani haioni hata moja kati yake.

Hapa ndipo penye shina la jambo letu. Ramani haikukosea. Kila mstari wake ni wa kweli. Lakini ilitengenezwa kwa kupima vimo vikubwa, na kwa hiyo husema kwa sauti pale nchi inaposimama na hunyamaza pale nchi inapolala. Anayeitazama haraka hudhani kwamba palipo kimya hapana kitu.

Hata vyombo vipya havikuliponya jambo hili. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima vimo vya sehemu kubwa ya dunia kwa rada katika siku 11, na vipimo hivyo leo hupatikana bure. Ni hazina kwelikweli. Lakini shabaha iliyowekwa ilikuwa kutokosea zaidi ya mita 16 kwa asilimia 90 ya vipimo. Kwa kawaida kosa huwa dogo kuliko hapo, ila bado ni la mita kadhaa. Tena mahali penye vichaka kama vya Itigi, rada haikuufikia udongo daima. Aghalabu ilipima vilele vya miti.

Ng'ombe haonekani

Lipo jambo jingine. Picha za angani hupigwa wakati wa anga safi, yaani kiangazi. Tuchukue picha ya skeli ya 1:30,000. Ng'ombe mwenye urefu wa mita 2 atakuwa na urefu wa sehemu 7 za mia za milimita moja, hawezi kuonekana. Zizi lenye upana wa mita 30 litakuwa milimita moja, na mchoraji hodari ataliona kama nukta. Lakini zizi la mbugani ni la miiba iliyokatwa, la miezi mitatu, na mwaka ujao halipo. Mchoraji mwenye busara huliacha. Shamba lina kingo, kwa hiyo linachorwa. Nyumba ya tembe ina pembe nne, inachorwa. Njia ya ng'ombe iliyokanyagwa kwa miaka 100 yaweza kuchorwa, lakini itaitwa njia ya miguu. Malisho yenyewe yataandikwa kwa alama ya nyasi, au kinamasi cha msimu, au vichaka, na afisa aketiye mbali atalisoma neno hilo kwa maana ya pori.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa katika mkutano mmoja wa kijiji kando ya Wembere, ambapo karatasi ya 1:50,000 ilitandikwa mezani na kijana mmoja msomi akaonyesha kwa kidole mahali palipo peupe, akisema kuwa hapo ni wazi na paweza kugawiwa. Mzee mmoja wa Kitaturu akasogea, akaomba aonyeshwe mashariki ni wapi, kisha akauliza, "Mwanangu, picha hii ilipigwa mwezi gani?" Kijana hakujua. Mzee akasema, "Basi hujui hapo ni pa nani." Wengine walicheka, lakini swali lilikuwa la kisayansi kuliko maelezo yote yaliyotangulia.

Si swali la mchezo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, huingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo haina nyongeza hiyo. Wanasheria wamebishana sana juu ya tofauti hiyo. Kwa mfugaji, ubishi huo wote unasimama juu ya neno moja: kutumika. Malisho ya miezi minne hutumika mwaka mzima, kwa kuwa hiyo miezi minane mingine ndiyo inayoyaotesha majani. Ramani haina alama ya kueleza hivyo, na mtu asiye na ushahidi mwingine ila ramani huweza kupoteza malisho yake bila kosa la mtu yeyote. Sheria hiyo hiyo ya vijiji, hata hivyo, huruhusu vijiji jirani kupatana juu ya ardhi wanayoitumia pamoja, na mapatano hayo huhitaji mchoro. Basi aliye na mchoro mzuri ana kauli.

Ramani ikizeeka

Karatasi nyingi zilitokana na picha zilizopigwa kabla ya vijiji vya ujamaa. Katika nchi ya Wanyaturu zinaonyesha nyumba zilizotawanyika pote, kila moja na zizi lake na shamba lake lililonona kwa samadi. Operesheni ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu kando ya barabara, na nyumba zile zikawa mahame. Kwa anayetaka kujua kijiji kipo wapi leo, ramani hiyo imepitwa. Kwa anayetaka kujua babu yake alilisha wapi, ni ushahidi usiopatikana kwingine. Hali kadhalika ile reli ya tawi kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, iliyojengwa katika miaka ya 1930 na kung'olewa katika miaka ya 1940: chuma kimekwenda, lakini tuta hubaki miaka mingi, na mwenye kuangalia vema hulitambua kwa unyofu wake katika nchi ambayo njia zote hupinda.

Onyo kwa mwenye simu

Siku hizi kila mtu mwenye simu aweza kujua alipo kwa kutumia satelaiti. Jambo jema, lakini lina mtego. Ramani hizo za zamani zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao haulingani na ule unaotumiwa na satelaiti. Ukichukua namba za simu yako na kuzitia moja kwa moja katika gridi ya karatasi ya zamani hapa Singida, nukta yako itaangukia karibu mita 300 kusini mwa mahali ulipo, na kiasi cha mita 90 mashariki. Katika karatasi ya 1:50,000 mita 300 ni milimita 6. Ni ndogo kwa jicho, ila zatosha kukitoa kisima katika kijiji kimoja na kukitia katika kingine, na watu wamekwisha kugombana kwa umbali mdogo kuliko huo. Mpimaji atakubadilishia namba hizo kwa hesabu isiyochukua dakika tano. Mwulize kwanza, ndipo uchimbe bikoni.

Zoezi kwa wasomaji wa mbugani

Nunua au uazime karatasi ya mahali pako kutoka idara ya upimaji na ramani, au uione katika ofisi ya ardhi ya wilaya. Usiandike juu yake. Weka karatasi nyepesi inayoona. Kwanza tafuta kontua mbili zinazoizunguka mbuga yenu, uhesabu mteremko kama tulivyofanya hapo juu. Kisha waite wazee, wanawake wachotao maji na vijana wachungao, uwaulize mambo matatu: maji ya masika huishia wapi katika mwaka wa kawaida, huishia wapi katika mwaka wa mafuriko, na ng'ombe hunywa wapi mwezi wa Oktoba malambo yakikauka. Nenda nao mahali hapo kwa miguu, usichore kwa kukisia ukiwa umeketi. Weka vijiti, pima kati ya kijiti na kijiti kwa kamba, na uandike jina la kila mahali kama wenyeji wanavyolitamka, hata kama mbuga moja ina majina matatu.

Na kando ya kila mstari utakaouchora, andika mwezi.